Protini ya damu ya mzee imepanda, je figo ndo zinaisha?

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Igombe, huku Mwanza pembeni ya Ziwa Victoria, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Baba ana miaka 58, ni fundi mitumbwi huku Igombe, ana sukari mwaka wa saba sasa na presha pia. Wiki iliyopita tumempima damu, protini jumla imetoka 84 wakaweka alama kwamba iko juu, albumini 33 wakaweka alama iko chini, kriatinini 112 hiyo wameandika kawaida. Mwaka jana kriatinini ilikua 92. Jirani akatwambia protini ikizidi kwenye damu inaua figo, basi mama amemkataza samaki, dagaa na maharage, sasa hivi anakula ugali kwa mchicha na michembe (viazi vitamu vya kukaushwa) basi. Mgongo unamsumbua sana miezi hii, anatumia diklofenaki za duka la dawa. Je ni kweli figo zinaelekea kufa? Na aache protini kabisa?"

Marahaba binti yangu. Majibu kama haya naletewa sana kliniki, karatasi imekunjwa mara nne, alama za juu na chini zimezungushiwa peni, na nyumbani mgonjwa ameshanyimwa chakula tayari. Kwahiyo kabla sijaeleza kitu chochote naomba mambo mawili yafanyike leo hii, mzee arudishiwe samaki wake, na zile diklofenaki ziwekwe pembeni. Hayo mengine nakuelezea taratibu.

Protini anayokula baba na protini iliyopimwa kwenye damu ni vitu viwili tofauti. Akila sato, tumbo na utumbo vinaivunja ile protini mpaka inakua vipande vidogo sana, hivo vipande vinaingia kwenye damu vinapelekwa kwenye ini na misuli, na mwili unatengeneza protini zake wenyewe kwa kadri unavyotaka. Albumini yote inatengenezwa na ini, kama gramu 10 mpaka 15 kwa siku, na ikishatoka inakaa kwenye damu wiki kadhaa. Kwahiyo hiyo 84 haikutoka kwenye sahani, na hata angekula sangara mzima jana yake isingefika 84 kwa sababu hiyo. Na sasa angalia hasara ya alichofanya mama kwa nia njema kabisa, mzee akikaa bila protini misuli inaisha, na kriatinini, ule uchafu wa damu ambao figo zinatakiwa kuutoa, inatokana na misuli, kwahiyo miezi mitatu mbele mnaenda kupima mnakuta kriatinini imeshuka mnafurahi figo zimepona, kumbe aliyepungua ni mzee, figo ziko vilevile au zimezidi kuharibika. Nimeshaona familia zinatoka kliniki zinapongezana kwa jibu la namna hiyo na inaniuma kweli.

Sasa tuisome karatasi. Protini jumla ni mjumuisho, ndani yake kuna makundi mawili makubwa, albumini na globulini. Maabara nyingi haziandiki globulini, unaitafuta mwenyewe kwa kutoa, 84 toa 33 unabaki na 51. Kawaida globulini inatakiwa icheze kwenye 20 mpaka 35 hivi kwa gramu kwa lita, japo sisi wa huku wengi tunakua juu kidogo kwasababu ya maambukizi tuliyopitia tangu utotoni. Lakini 51 ni kubwa, haiachwi. Umeona? Swali lenu lilikua "protini imepanda", lakini ukiigawa unakuta moja imeshuka na nyingine imepanda sana, na kila moja ina habari yake.

Globulini ndiyo yenye kingamwili ndani, zile protini ambazo mwili unazitoa kupambana na maambukizi. Zikipanda hivi maana yake mara nyingi kinga ya mwili imewashwa muda mrefu bila kuzimwa. Kwa mtu wa mwambao wa ziwa ambaye kazi yake ni kusimama kwenye maji ya magoti akiziba mitumbwi, cha kwanza ninachofikiria ni kichocho, hasa kile cha tumbo ambacho ndo kimejaa pembezoni mwa Ziwa Victoria na visiwani, Ukerewe huko, Sengerema, mpaka kwenu. Mayai yake yanakwama kwenye ini, ini linapata makovu, bandama inavimba, globulini zinapanda, na kwa baadhi ya watu kinga inayopambana nayo inakwenda kuumiza vichujio vya figo. Baada ya hapo nafikiria homa ya ini B na C, VVU, kifua kikuu. Vyote hivo vinapimika Mwanza bila shida na vyote vina dawa za kutibu au za kudhibiti, na vyote vinaweza kugusa figo. Kwahiyo mzee apimwe vyote, asione aibu wala msimfikirie vibaya.

Kuna sababu nyingine moja ambayo siwezi kukuficha kwasababu umetaja mgongo. Mtu wa miaka 58, mgongo unauma kwa miezi, globulini 51, kriatinini inapanda. Hivo vitatu vikikaa pamoja daktari yeyote anatakiwa aulize kuhusu maieloma, saratani ya uboho wa mifupa ambapo seli za aina moja zinazaliana na kumwaga protini ya aina moja tu kwenye damu, zile protini zinakwama kwenye mirija ya figo zinaiziba. Sijasema mzee anayo, naomba unielewe vizuri hapo, fundi anayeinama kutwa nzima kwenye mbao mgongo utamuuma tu na kichocho peke yake kinatosha kupandisha globulini. Ila huwezi kujua kwa kukisia. Kipimo chake kinaitwa elektroforesisi ya protini, kinatenganisha zile protini za damu, kama zimepanda za kila aina ni maambukizi au ini, kama imepanda ya aina moja tu kwa mkupuo ndo tunaenda kuangalia uboho. Pamoja na hicho apimwe kalsiamu na FBP kuangalia wingi wa damu. Muulizeni pia kama maumivu yanamuamsha usiku au akiwa amelala tu, na kama amepungua kilo. Na kitu ambacho wengi hawakijui, kile kijiti cha kupima mkojo kinakamata albumini, hizi protini za maieloma nyingi kinazipita, kwahiyo mkojo kuwa safi kwenye kijiti haitoshi kulifuta hilo swali.

Tuje kwenye albumini 33. Chini ya 35 tunasema imeshuka, na kushuka kwake kuna njia tatu. Ini halitengenezi vya kutosha, au kinga ya mwili imewashwa na ini limeamua kutengeneza protini nyingine badala ya albumini, au inatengenezwa vizuri lakini inatoka kwenye mkojo. Kukosa chakula nako kunachangia lakini kwa mtu aliyekua anakula samaki kila siku mpaka wiki iliyopita hiyo siiweki mbele. Hii njia ya tatu ndo ya figo, na kwa mtu mwenye sukari miaka saba na presha juu yake ndo ninayoiogopa kuliko zote.

Wewe umekulia Igombe kwahiyo nyavu unazijua. Kichujio cha figo kina matundu madogo kiasi kwamba maji, chumvi na uchafu vinapita lakini albumini inabaki ndani, wavu mzima haupitishi sangara. Sukari na presha vinakata nyuzi mojamoja kimyakimya, wavu unaanza kupitisha, kidogo kidogo, halafu nyingi, na mtu hasikii maumivu yoyote. Figo zinachuja kama lita 180 kwa siku na katika zote hizo mtu mzima mwenye afya anapoteza chini ya miligramu 30 za albumini. Ikifika hatua mkojo una povu linalokaa mpaka unaondoka chooni, na miguu inavimba, basi mara nyingi wavu umeshachanika pakubwa.

Hili la mkojo sio jipya. Mwaka 1827 daktari Richard Bright pale hospitali ya Guy's, London, alieleza wagonjwa waliovimba mwili, mkojo wao ukipashwa moto protini inaganda, na walipofariki figo zao zikakutwa zimeharibika. Karibu miaka 200 iliyopita! Na leo bado naletewa wagonjwa wa sukari wa miaka kumi ambao damu wamepimwa mara nyingi lakini mkojo hawajawahi kuulizwa.

Kwahiyo kipimo ambacho kinanikosesha raha kwenye karatasi yenu ni kile ambacho hakipo. Mzee apime ACR, uwiano wa albumini na kriatinini kwenye mkojo. Anakojoa kwenye kikopo asubuhi akiamka tu, kabla ya pilikapilika, mnapeleka. Chini ya 30 kwa miligramu kwa gramu ni vizuri, 30 mpaka 300 wavu umeanza kuvuja, juu ya 300 unavuja sana. Maabara nyingine wanaandika kwa miligramu kwa milimoli, hapo 3 na 30 ndo mipaka, angalieni kizio kilichoandikwa pembeni msije mkachanganya. Asipime siku ana homa, au ana uchungu wa mkojo, au ametoka kubeba mbao nzito, maana hivo navyo vinapandisha kwa muda. Na ikitoka juu inarudiwa, tunataka ionekane juu mara mbili kati ya tatu ndani ya miezi mitatu mpaka sita ndo tunaamini. Kama sehemu mliyopo hamna ACR basi aanze na kijiti cha kawaida, sio kizuri kama ACR lakini ni bora kuliko kukaa bila kujua.

Tahadhari moja ya watu wa kanda yetu. Kile kichocho kingine, cha mkojo, ambacho kipo zaidi kwenye mabwawa na madimbwi ya mashamba ya mpunga huko ndani, Kwimba, Misungwi, Shinyanga, kinatoa damu kwenye kibofu, na hiyo damu ina protini, kwahiyo kijiti kinabadilika rangi wakati vichujio vya figo havina shida. Kama mzee aliwahi kuishi au kulima huko, mkojo uangaliwe pia kwa hadubini kutafuta mayai na damu, atibiwe, halafu ndo ACR irudiwe.

Haya, kriatinini. Mmeambiwa 112 ni kawaida na mashine haijadanganya, kiwango chake kwa wanaume kinaishia kwenye mia na kumi na kitu, kwa mikromoli kwa lita. Shida ni kwamba mashine haijui mzee ana miaka 58 na haijui mwaka jana alikua 92. Ukiingiza kwenye fomula ya eGFR, yaani kasi ya figo kuchuja, ile ya 2021 isiyoangalia rangi ya mtu (ya 2009 ilikua inamuongezea mtu mweusi kama asilimia 16 hivi), 92 ya mwaka jana ilikua sawa na kasi ya kama mililita 84 kwa dakika, na 112 ya juzi ni kama 66. Kutoka 84 mpaka 66 ndani ya mwaka, na karatasi zote mbili zimeandikwa kawaida! Mtu mzima anapoteza kama 1 kwa mwaka kwa umri tu, akipoteza zaidi ya 5 kwa mwaka mfululizo tunasema anashuka haraka. Sasa mara moja haitoshi kuhukumu, inawezekana siku ile alikua hajanywa maji kutwa nzima juani, inawezekana alikula mlo mkubwa wa nyama au samaki jana yake usiku, na inawezekana kabisa ni diklofenaki. Ndo maana nataka irudiwe baada ya wiki mbili bila hizo dawa, akiwa amekunywa maji vizuri. Ikirudi kwenye 90 na kitu tutapumua, ikibaki palepale au ikapanda basi tunalo jambo.

Kuhusu diklofenaki niseme kwa nguvu kidogo. Hiyo dawa, pamoja na ibuprofeni na ndugu zao wote, inabana mishipa inayoingiza damu kwenye figo. Kijana mzima akinywa siku tatu hamna neno. Mtu mwenye sukari na presha, anayetoka jasho kutwa, labda yupo kwenye dawa za presha kama losatani au enalaprili na kidonge cha kukojoa, akimeza kila siku kwa miezi, hapo ni kuzinyima figo damu kila asubuhi. Na inauzwa kama pipi, wauzaji wa duka la dawa hawamuulizi mtu kama ana presha. Kwa mgongo atumie parasetamoli, gramu moja mpaka mara tatu kwa siku inatosha kama ini lake halina shida, na apunguze kuinama. Na dawa za mitishamba nazo aziache kwa sasa, zipo zinazoumiza figo na hakuna anayejua kipimo kilichomo kwenye ile chupa.

Nadhani huyo jirani kuna kitu alisikia sehemu kikageuka njiani, kwasababu ni kweli zipo protini za kwenye damu zinazotabiri figo kushuka. Sio hizi za karatasi yenu ila. Watafiti wa kituo cha Joslin kule Boston walichukua damu ya watu 410 wenye kisukari aina ya pili, wakawafuatilia mpaka miaka 12, wakachapisha 2012. Walipima protini inaitwa TNFR1, ni kipokezi cha TNF, moja ya vichocheo vya inflamesheni, yaani ile hali ya kinga kuwaka ndani kwa ndani. Waliokua robo ya juu kwa protini hiyo zaidi ya nusu, asilimia 54, figo zilifika mwisho ndani ya miaka 12, na wale robo tatu waliobaki ilikua kama asilimia 3 tu. Tofauti ya namna hiyo huioni mara nyingi kwenye utafiti. Baadae 2019 wakapima protini 194 za inflamesheni wakapata 17 zinazokwenda pamoja na figo kuisha, nyingi ni za familia hiyohiyo ya TNF. Kuna nyingine inaitwa suPAR, utafiti wake ulitoka 2015 kwa watu zaidi ya 2,000 waliopimwa figo kwa kurudia, wenye kiwango cha juu figo zilishuka kama 4 kwa mwaka, wa chini hazikufika hata 1, na hiyo ilikua inaonekana hata kwa watu ambao mwanzoni figo zao zilikua nzima kabisa. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaruhusu kipimo kinachounganisha protini tatu za damu, TNFR1, TNFR2 na KIM-1, pamoja na taarifa za mgonjwa kutabiri nani mwenye kisukari atashuka haraka.

Sasa usianze kuzunguka maabara za mjini kutafuta TNFR1. Huhitaji. Cha kuchukua kutoka kwenye tafiti hizo ni kwamba protini hizo hazipandi kwasababu ya maharage, zinapanda kwasababu kinga imewaka muda mrefu, na figo ni mojawapo ya sehemu zinazolipia. Globulini 51 ya mzee sio TNFR1, siwezi kutabiri kwa hiyo, lakini inaniambia kuna kitu kimeiwasha kinga na kitafutwe kizimwe. Kipimo kimoja cha damu kinachoweza kumsaidia kama kikipatikana ni sistatini C, protini ndogo inayotolewa na karibu seli zote za mwili, haitegemei sana misuli kama kriatinini, kwahiyo kwa mtu wa kazi ngumu mwenye misuli mikubwa inasaidia kujua hiyo 66 ni ya kweli au ni misuli. Nayo inflamesheni inaipandisha kidogo, kwahiyo daktari ataisoma pamoja na mengine.

Unaweza kuona namtisha mzee bure. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza walishapima wagonjwa wa kisukari 369 wa kliniki ya nje, matokeo yakachapishwa 2013, na zaidi ya wanane kati ya kumi walikutwa na dalili za ugonjwa wa figo, wengi wao kupitia mkojo na sio kriatinini, kriatinini peke yake ingewaona kama robo tu. Na hakuna hata mmoja wao aliyekua anajua. Hao ni watu wetu, waliopanda daladala wakaenda kliniki yao ya sukari kama kawaida, sio wa kwenye vitabu.

Kama ACR itatoka juu mzee ana bahati ya kuishi wakati huu. Losatani au enalaprili, mojawapo sio zote mbili, zinashusha presha ndani ya kichujio chenyewe na kupunguza kuvuja. Akianzishwa apimwe kriatinini na potasiamu wiki mbili mpaka nne baadae, kriatinini ikipanda kidogo, mpaka asilimia 30, hatuachi dawa, watu wengi huwa wanaiacha hapo kwa kuogopa na inasikitisha maana ndo ilikua inaanza kufanya kazi. Halafu kuna dapagliflozini, ni dawa ya sukari lakini 2020 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa figo 4,304, wenye sukari na wasio na sukari, ikapunguza kwa karibu asilimia 40 hatari ya figo kushuka kwa nusu au zaidi, kufika mwisho, au mtu kufa kwa figo au moyo. Mjini inapatikana, bei inatofautiana, ulizeni kwenye maduka makubwa ya dawa na muulize kama bima yake inaigusa. Presha tunaitaka chini ya 130 kwa 80 na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kizunguke kwenye asilimia 7.

Kuhusu chakula nadhani mama ndo anasubiri hapa. Mwambie mtu mwenye figo zilizoanza kuchoka bado anatakiwa apate kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, mzee wa kilo 70 ni gramu 56 kwa siku. Sato mmoja wa wastani peke yake anakaribia kuzimaliza, kwahiyo sato mchana na maharage kidogo jioni anakua amefika, asikae na samaki mchana na jioni na maziwa lita na mayai juu, ila asikae na mchicha peke yake pia. Michembe hapana kwa wingi, ni wanga mtupu na ana sukari. Kitu ambacho kingemfaa mama akikataze ni chumvi. Kayabo, samaki wa chumvi, na ile tabia ya kuongeza chumvi mezani kabla hata hajaonja. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai ikijumlisha ya kupikia. Dagaa wa kukaushwa bila chumvi hawana shida, waoshwe vizuri mchanga utoke. Mambo ya kuacha ndizi na mchicha kwasababu ya potasiamu yasianze mpaka potasiamu ipimwe ionekane imepanda.

Kichocho kikikutwa atapewa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo, mara moja, anywe akiwa ameshiba. Na kazi haachi, ndo inawalisha, ila anaweza kupata yale mabuti marefu ya mpira wanayovaa wavuvi wengine, na mitumbwi inayowezekana ivutwe nchi kavu ndo aifanyie kazi. Akirudi majini bila chochote ataambukizwa tena, dawa haiweki kinga, kwahiyo arudie kupimwa kila mwaka.

Mpangilio wenyewe uwe hivi. Kesho asubuhi mkojo wa kwanza uende kupimwa ACR, au kijiti kama hamna. Siku hiyohiyo damu kwa VVU, homa ya ini B na C, FBP na kalsiamu, choo na mkojo kwa kichocho, na achunguzwe kifua kikuu pia. Elektroforesisi ombeni rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando, na mkienda bebeni karatasi zote mbili, ya mwaka jana na ya juzi, muweke 92 na 112 mbele ya daktari kwa pamoja kwasababu akiona moja tu atawaambia kawaida. Wiki mbili baada ya kuacha diklofenaki rudieni kriatinini na albumini. Ila akianza kuvimba uso asubuhi, mkojo ukapungua sana, akatapika damu au akaanza kupumua kwa shida akilala chali, au miguu ikakosa nguvu pamoja na ule mgongo, hapo msisubiri hizo wiki mbili, mpelekeni hospitali usiku huohuo.